Re: Kutoka kuandika tamthilia za TV Uingereza hadi ukocha wa biashara

Salaam mkuu. Umesema umeandika tamthilia za televisheni Uingereza kwa miaka mingi, sasa unataka kuwa kocha wa biashara, ila wateja hawaoni uhusiano.

Anza na mirabaha yako. Kama hujajiunga na ALCS, chama cha Uingereza kinachokusanya mirabaha ya waandishi, jiunge. Ada ya pauni 36 hulipwa mara moja tu, tena hukatwa kwenye malipo yako ya kwanza. Usiache hela ya kazi uliyokwisha kuifanya.

Cheti cha ACC, cha ngazi ya kwanza ya ukocha, kutoka ICF (shirikisho la kimataifa la makocha) kinadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za vikao na wateja, angalau 75 za kulipwa. Saa za kabla ya kuanza mafunzo hazihesabiwi, na wengi wanakwama hapo.

Kwenye kikao, ujuzi wako upo. Mteja akisema "mauzo yameshuka," mbane kama mhusika wa tamthilia: nani hasa hakununua, alitaka nini, kipi kilimzuia? Kisha nyamaza. Hapo ndipo waandishi huharibu: wamezoea kumtungia mtu maneno, basi kimya cha sekunde tano wanakijaza wao, na mteja anaondoka na jibu lisilo lake.