Nimpe nini cha kufanya? Majibu kwa wanaotunza wazee wenye demensia

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mgonjwa wa demensia, yaani hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anashinda amekaa, na sisi hatujui tumshughulishe na nini. Nimechagua sita.

Mama alikuwa fundi cherehani miaka mingi. Sasa ana Alzheimer. Tukimweka mbele ya cherehani anachanganyikiwa na kulia. Tuache kabisa?

Acheni cherehani, msiache ushonaji. Cherehani inadai mambo mengi kwa mpigo: kutunga uzi, kukanyaga, kuongoza kitambaa, kukumbuka kinachofuata. Hapo ndipo anapokwama, na kwa kuwa alikuwa fundi, anajua kabisa kwamba amekwama. Ndiyo maana analia.

Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya demensia, huanza kula kumbukumbu za karibuni. Mazoea ya mikono, yale aliyoyarudia maelfu ya mara, yanategemea sehemu nyingine za ubongo na hudumu zaidi. Kwa hiyo mpe kipande cha kazi badala ya kazi nzima. Apange vitambaa kwa rangi, avikunje, avipime kwa futikamba, akutengee vifungo vikubwa na vidogo (vifungo viondoe kama ana tabia ya kutia vitu mdomoni). Mwambie, "Mama, nisaidie kukunja hivi," kisha umshukuru kama unavyomshukuru mtu aliyekusaidia kweli. Dakika kumi na tano au ishirini zinatosha.

Akikunja upande, nyamaza. Usikunje upya mbele ya macho yake. Na kama kesho hakumbuki kwamba jana alikunja vitambaa vilevile, basi una kazi ya kumpa kila siku, tena bure.

Baba anakataa kila kitu. Nikimuuliza kama anataka kutembea, hapana. Redio, hapana. Ndugu zangu wanasema amekuwa mvivu.

Waambie ndugu zako si uvivu. Demensia inaweza kuharibu uwezo wa kuanzisha jambo. Mtu anaweza kubaki na hamu, lakini kile kinachomsukuma kuinuka ndicho kimekufa. Tena swali lenyewe ni mzigo: lazima aelewe, afikirie, achague, ajibu. "Hapana" ndilo jibu rahisi kuliko yote.

Punguza maswali. Chukua viatu vyake, vyako vikiwa tayari mguuni, mnyooshee mkono: "Baba, twende." Au anza wewe kumwagilia maua karibu naye, kisha umkabidhi kopo. Akikataa hata hivyo, ondoka bila kubishana, urudi baada ya nusu saa. Lakini kama pia halali vizuri, hali chakula, au anasema maneno ya kukata tamaa, mpeleke kwa daktari. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huwapata wengi wenye demensia, na inatibika.

Nimesikia muziki unasaidia. Nimpigie nyimbo gani?

Za ujana wake, si za ujana wako. Watu wengi hukumbuka vizuri zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 hivi ya maisha yao, na nyimbo za wakati huo hushika sana. Piga hesabu: aliyezaliwa 1945 alikuwa na miaka 20 mwaka 1965. Anzia hapo. Ongeza nyimbo za ibada kama alikuwa mtu wa ibada. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi anaweza kuimba beti nzima bila kukosea, na mara ya kwanza ukilishuhudia hilo utatafuta kitambaa cha machozi.

Epuka kuacha redio ikiunguruma mchana kutwa. Matangazo, habari na muziki vikifuatana ovyo humchosha. Piga wimbo mmoja mmoja, sauti ya wastani, runinga ikiwa imezimwa, na umtazame usoni. Upo wimbo utakaomkumbusha msiba. Akilia kidogo kwa utulivu, kaa naye. Akifadhaika, badilisha.

Je, mafumbo ya maneno na michezo ya akili itarudisha kumbukumbu?

Hairudishi. Kama alipenda mafumbo, aendelee. Kama hakuyapenda, usimgeuzie uzee kuwa mtihani. Ipo tiba ya kuchangamsha ubongo inayofanywa kwa vikundi, kwa kawaida vikao 14 ndani ya wiki 7, kwa wenye demensia ya hatua ya mwanzo au ya kati, nayo imeonyesha manufaa ya kiasi. Lakini hata humo watu wanaombwa maoni zaidi ya majibu sahihi. Nyumbani fanya hivyohivyo. Mkitazama picha ya zamani, badala ya "Unamkumbuka huyu?" sema "Tazama alivyovaa!" Hapo hawezi kufeli.

Bibi anambeba mwanasesere na kumbembeleza. Shangazi anasema tunamdhalilisha, tumnyang'anye.

Msimnyang'anye. Hasira ya shangazi naielewa, kwa sababu inauma kumwona mtu aliyewalea nyote akimbembeleza plastiki. Lakini mwulizeni: bibi mwenyewe anaonekana amedhalilika, au ametulia? Kama ametulia, tatizo ni letu tunaotazama. Mwekeni mwanasesere mahali ambapo bibi atamwona na kumchukua mwenyewe, wala msimlazimishe. Akimwita mtoto, nanyi mwulizeni mtoto amelalaje. Ila kuweni macho: kama wasiwasi wa "mtoto hajala" unamzuia yeye mwenyewe kula, ni wakati wa kumpumzisha mwanasesere kwa upole.

Mume wangu hasemi tena na yuko kitandani. Bado kuna la kufanya?

Lipo, dada. Mpake mafuta mikononi polepole, kidole kwa kidole, kwa mafuta yaleyale aliyozoea. Msogezee kitu chenye harufu anayoijua. Mfunike kwa kitambaa laini ambacho vidole vyake vinaweza kukishikashika. Fungua dirisha aone mwanga. Msimulie habari za nyumbani kwa sauti yako ya kawaida, maana sauti ya upole humfikia hata maneno yasipoeleweka.

Jibu lake litakuwa dogo: pumzi inashuka, paji la uso linakunjuka, vidole vinabana vyako. Akikunja uso au kuvuta mkono, amekwambia basi.