Bibi Shamba Anajibu: Tulipanda miche 80 kwenye park ya mtaa, imebaki 9

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Naishi Dodoma, upande wa Ilazo, mtaani kwetu kuna eneo la wazi ambalo zamani lilikuwa na bembea na benchi za zege, siku hizi limekuwa jalala, watu wanatupa mpaka pampasi na mbuzi ndo wamehamia. Mwaka huu tukasema basi, tukajikusanya wakazi kama 30 kwenye grupu la Wasapu tukachanga, tukakodi gari la taka, tukafyeka, tukapiga rangi benchi, na tarehe 1 Aprili, siku ya kupanda miti, tukapanda miche 80, mingi ashoki na maua maua, tukapiga na picha na tisheti zetu. Naandika hii Agosti, imebaki 9, nimehesabu mwenyewe jana jioni. Grupu limekufa, anayetuma kitu ni mwenye tangazo la biashara tu. Halafu kuna mzee kamwaga mawe na mchanga kwenye kona, anasema ile kona alipewa. Tumekosea wapi jamani? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na wote wa huko, mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Kigogo. Kwanza poleni, manake kuona mche uliochimbia shimo kwa mkono wako umebaki kijiti inauma kuliko watu wanavyodhani.

Sasa nikuambie ukweli, kosa la kwanza ni kalenda. Tarehe 1 Aprili ni siku ya kitaifa na huko kwenye mvua za masika ni siku nzuri kabisa, ila Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Desemba hivi na Aprili zinaaga, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600 basi. Mlipanda mvua inafunga mizigo. Mche haujashika mizizi, Mei ikaingia kavu, Julai ule upepo wetu wa vumbi ukamalizia. Huku mashimo yanachimbwa Oktoba au Novemba, futi mbili kwa futi mbili, udongo wa juu unawekwa pembeni unachanganywa na samadi (ya mbuzi haohao walioila miche yenu!), halafu mvua mbili tatu za maana zikishapiga Desemba ndo unapanda, mche unakuwa na miezi minne ya kunywa bure kabla ya kiangazi.

Kosa la pili ni ashoki. Najua inapendeza, kila mtu akijenga anaweka ashoki getini, lakini pale getini kuna mpira wa maji na mtu wa kumwagilia, kwenye park hakuna. Chukueni mwarobaini, mjohoro, migunga, na mkwaju mmoja miwili ambao ni wa wajukuu kwasababu unakua taratibu sana.  Miche ulizeni TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, au bustani za miche za Jiji kabla hamjafungua pochi. Na hebu fukueni mmoja kati ya hiyo iliyokufa mwangalie kama kiriba, kile kifuko cha plastiki cha mche, bado kipo, nimeshakuta mitaa imepanda miche na viriba vyake, mizizi inajizungusha humo ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani, halafu wanalaumu mchwa. Japo mchwa nao wapo, Dodoma tunawajua, majivu kidogo kuzunguka shina husaidia, ila majani makavu ya matandazo yasigusane na shina.

Kuhusu idadi, 80 ni nyingi mno kwa watu 30 ambao nusu yao wamekuja kwa ajili ya picha. Pandeni 20. Kila mti uwe na nyumba yake, yaani nyumba inayoutazama, na nyumba hiyo itoe dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki, yakiwa ya kufulia yaliyosuuzia nguo mara ya mwisho sio mbaya, maana huwezi kumwambia mtu amwagie mti maji safi siku ya mgao. Shimo liwe na kisahani ili maji yasikimbie. Na uzio ni matawi ya miba, kama mazizi mengi ya wafugaji yalivyo, bei rahisi na mbuzi anaheshimu.

Vijana wa bodaboda wana kijiwe hapo kona? Karibu kila park inacho. Wapeni miti mitatu ya kivuli chao wenyewe, muone kama kuna mbuzi atasogea.

Sasa huyo mzee wa mawe. Usigombane naye, na usimwagie maneno kwenye grupu maana atasema mmemtukana. Mji huu ulipangwa na CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoanza 1973, maeneo mengi ya wazi yalichorwa kwenye ramani za enzi hizo, na ilipovunjwa 2017 kazi zake zikahamia halmashauri, ambayo 2018 ikawa Jiji. Kwahiyo nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, mwombe mkutano wa hadhara, muhtasari uandikwe kwamba wakazi wanaomba kulitunza eneo hilo, ugongwe mhuri, halafu uupeleke Jiji kitengo cha mipango miji mwombe kuoneshwa mchoro. Likiwa ni eneo la wazi ombeni barua ya kulitunza na nakala mbakie nayo. Hili mlitakiwa mlifanye kabla ya kununua rangi ya benchi, sikufichi. Na kama mzee ana karatasi halali ya hiyo kona, afadhali mjue sasa kuliko miti ikishakuwa mirefu.

Ile hela ya tisheti mwakani nunueni toroli na chepe. Grupu liacheni life, anzeni jipya la watu 20 wenye miti tu. Nitumie picha ya mashimo Novemba, sio ya watu.