Re: Lava wa jodari asiye na doa kiwiliwilini ni spishi gani?

Umesema una lava (samaki wachanga sana) wa milimita 3 hadi 7 kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, na kila asiye na doa jeusi kiwiliwilini unamwandika Thunnus albacares, jodari wa mapezi ya njano. Usifanye hivyo, maana T. alalunga, jodari mwingine, naye hana doa hapo (T. ni Thunnus kwa kifupi).

Anza kwa kuhakikisha ni Thunnus kweli, si jenasi za karibu yake kama Katsuwonus, Auxis na Euthynnus. Pitisha mwanga kutokea chini, weka vichujio viwili vya polaroidi vilivyokingamana, kisha hesabu pingili za misuli. Thunnus ana 39 hivi, Katsuwonus 41. Kuruka pingili mbili unapohesabu ni rahisi mno, kwa hiyo tazama na kichwa: Katsuwonus ana weusi juu ya ubongo wa mbele mapema, na mara nyingi doa moja kubwa chini ya shina la mkia. Thunnus wa umri huo, juu ya ubongo, ana weusi kwenye ubongo wa kati tu. Auxis ana madoa juu, chini na ubavuni mwa shina la mkia. Euthynnus pezi lake la kwanza la mgongoni huwa jeusi mapema.

Sasa mlaze Thunnus ubavu, ukuze angalau mara 40, ufuate ukingo wa chini kuanzia tundu la haja hadi mkiani, polepole. Doa likijikunja hubaki nukta ndogo kama ncha ya sindano, na hiyo nukta moja ndiyo inayoamua. Ipo chini na juu hakuna: T. obesus, au T. atlanticus ikiwa sampuli ni ya magharibi mwa Atlantiki. Rangi pekee haiwatenganishi hawa wawili. Ipo juu na chini: fikiria T. thynnus au T. maccoyii, kwa kufuata bahari uliyokokota wavu.

Kingo zote safi? Geukia ncha ya taya la chini. Yenye weusi ni T. albacares, isiyo nao huenda ni T. alalunga. Tahadhari: chini ya milimita 4.5 hivi, doa la taya la albacares huenda halijatokea. Hao waandike Thunnus sp., yaani jenasi tu, spishi haijulikani.

Vivyo hivyo kwa waliochubuliwa ngozi na wavu, au waliokaa kwenye mwanga hadi weusi ukapauka. Rangi nyekundu usiitafute kabisa, fomalini huifuta.

Safari ijayo gawa sampuli ukiwa bado chomboni: nusu iende kwenye ethanoli ya asilimia 95, ibadilishwe baada ya saa 24, ili wale wa utata wapimwe DNA. Fomalini huivunjavunja.