Ultrasaundi kwa jicho lenye usaha

SWALI: Daktari, siku ya nne baada ya mama yangu kuondolewa mtoto wa jicho, jicho lilimuuma sana, likawa jekundu na uoni ukafifia. Kwa nini alipimwa kwa ultrasaundi, kipimo nilichodhani ni cha wajawazito tu?

JIBU: Maambukizi ya ndani huutia ukungu ute unaolijaza jicho, hivyo mwanga wa tochi ya daktari haufiki kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ilhali mawimbi ya sauti hupenya. Kifaa kilichopakwa jeli huwekwa taratibu juu ya kope iliyofungwa. Kwenye skrini ute wenye afya huonekana mweusi, lakini wenye maambukizi huonyesha vidoa na nyuzi zinazoyumba kila mgonjwa anapozungusha jicho. Ninachokihofia zaidi ni retina iliyobanduka, maana hiyo hubadili mpango mzima wa upasuaji.

Hata hivyo, picha haitaji jina la kijidudu: ute hunyonywa kwa sindano ili upimwe maabara, na dawa huchomwa ndani ya jicho papo hapo, bila kusubiri majibu. Jicho lililopasuka kwa jeraha ni habari nyingine. Hilo halikandamizwi kwa kifaa hicho hata kidogo.