Kolestro yangu 6.4, ya jirani 212: nani afe kwanza?

SWALI: Daktari shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 52 niko Morogoro nauza vitenge. Mwezi uliopita walikuja watu wa kupima bure pale kanisani kwetu nikaambiwa kolestro iko juu, ni 6.4, nikaenda maabara kurudia wakanipa karatasi imeandikwa LDL 4.2, HDL 1.6, triglisaraidi 1.3, jumla ileile 6.4. Jirani yangu yeye kapima kwingine kaja na 212! Yani toka siku hiyo analia tu anasema anawaachia nani watoto. Mimi miaka mitatu nyuma nilikuwa na 5.5 na chakula sijabadilisha chochote. Sasa hivi nimeacha mayai, nyama sigusi, kila asubuhi nakunywa maji ya moto na limao na kitunguu swaumu. Presha walipima pia ikasoma 156/98 ila hiyo nimeshaizoea, ilianza kwenye mimba ya mwisho nilipopata kifafa cha mimba, huwa inapanda na kushuka yenyewe. Hedhi nimeacha kuona toka mwaka jana. Je nitapata shambulio la moyo? Na jirani je?

JIBU: Marahaba dada, ingawa tukikaa tukahesabu miaka sijui nani angemwamkia nani.

Tuanze na jirani ili leo alale. Maabara zetu zina vipimo viwili, wengine wanaandika mmol/L wengine mg/dL, ukitaka kutoka cha pili kwenda cha kwanza kwa kolestro unagawa kwa 38.67. Chukua 212 gawa hapo unapata kama 5.5. Wewe unauza vitenge, mteja akikuambia yadi 6 na mwingine akasema mita 5 na nusu si unajua ni kitambaa kilekile? Basi ndo hivyo, jirani ana 5.5, yuko chini yako wewe unayembembeleza asilie. Mwambie aangalie herufi ndogo pembeni ya namba kabla ya kuandika wosia.

Sasa hiyo 6.4 yako. Hiyo ni jumla, na jumla peke yake haisemi mengi maana humo ndani kuna inayoharibu na inayosaidia. HDL ndo ile inayoitwa nzuri, kwa mwanamke ikiwa chini ya 1.3 tunasema imepungua, yako ni 1.6 iko vizuri. Triglisaraidi, yaani mafuta mengine ya kwenye damu, 1.3 haina neno. Ya kuangaliwa ni LDL, hii ndo inaingia kwenye ukuta wa mshipa inajikusanya taratibu miaka na miaka mpaka siku utando unaoifunika unapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa wa moyo unaziba. 4.2 ni juu, sikufichi.

Umeniuliza kwa mbali mbona chakula ni kilekile na namba imepanda. Jibu umeliandika mwenyewe kule mwisho, hedhi. Homoni ya estrojeni inasaidia ini kuichota LDL kwenye damu, ikishuka ini linapunguza kuchota. Kuna utafiti wa Marekani unaitwa SWAN uliofuata wanawake mwaka hadi mwaka wakiwa wanaelekea kukoma hedhi, wakaona LDL inaruka hasa kwenye ule mwaka mmoja kabla na mmoja baada ya hedhi ya mwisho. Kwahiyo usijilaumu kwamba ni chipsi za kwenye msiba wa nani sijui. Na ndo maana mwanamke aliyepimwa akiwa na miaka 45 akaambiwa yuko safi, asikae na karatasi hiyo mpaka 60.

Haya, sasa dada vuta kigoda. Barua yako nzima umeandika kolestro, kolestro, halafu presha ya 156/98 umeipitia kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake. Mimi hiyo ndo imenishtua! LDL ya 4.2 ikiwa peke yake kwa mwanamke asiyevuta sigara, hana sukari, presha yake sawa, ni jambo la kukaa na daktari mkaongea bila haraka. Ila ukiiweka juu ya mshipa unaopigwa na presha ya 156 kila siku hesabu inabadilika, maana presha ndo inaukwaruza ukuta na LDL inapata pa kuingilia. Halafu kuna hicho kifafa cha mimba, watu wengi hawajui na hata kliniki hawaulizwi, mwanamke aliyepata presha ya mimba ya aina hiyo hatari yake ya ugonjwa wa moyo huko mbele ni kama mara mbili ya mwenzake, hata kama mtoto alizaliwa salama na sasa yuko sekondari. Kila ukienda kwa daktari mpya anza na hilo, usisubiri aulize.

Na presha haizoeleki. Unachozoea ni kutosikia kitu, hiyo ndo tabia yake, na kolestro ni hivyohivyo, haina kizunguzungu wala ganzi za miguu ambazo watu wanasema "hii ni kolestro yangu".

Kwahiyo fanya hivi. Presha ipimwe tena siku tofauti, ukiwa umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelala mezani, huongei na simu. Ikiwa bado iko hapo unahitaji dawa na utainywa kila siku, hata siku inayosoma vizuri, inasoma vizuri kwa sababu umekunywa. Wakupime sukari, figo, na homoni ya tezi ya shingo kwa sababu tezi ikilegea nayo inapandisha LDL na wanawake wa umri wetu inatupata sana. Halafu muombe daktari akupigie hesabu ya hatari yako ya moyo na kiharusi kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2019, lina rangi kuanzia kijani mpaka nyekundu iliyoiva, wanaangalia umri, presha, sigara, sukari na kolestro kwa pamoja, kwa watu wa miaka 40 hadi 74. Ila mtajie kifafa cha mimba na kama mama au dada yako aliugua moyo kabla ya miaka 65, au baba au kaka kabla ya 55, maana jedwali hayo halikuulizi.

Akisema uanze statini, yaani dawa za kushusha kolestro, mfano atovastatini, usikimbie. Najua mtaani wanasema ukianza huachi. Ni kweli kwa maana kwamba ukiacha LDL inarudi ilikokuwa, sio kwamba umekuwa teja. Zinashusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50 kutegemea dozi, na kila ikishuka kwa 1 mmol/L matukio makubwa ya moyo na kiharusi yanapungua kama moja ya tano, wanawake sawa na wanaume. Misuli ikiuma isivyo kawaida rudi useme.

Mayai rudisha, sio sita kwa siku lakini. Kolestro nyingi mwilini inatengenezwa na ini lenyewe, kinacholichokoza zaidi ni mafuta yanayoganda, ya nyama, siagi, mawese. Pika na alizeti kidogo, kula maharage, kunde, bamia. Limao na swaumu kama unapenda endelea, mradi usiseme ndo dawa.

SWALI: Habari daktari, mimi ni baba, naandika kwa niaba ya mke wangu ana miaka 49 na ana kisukari. Kama wiki mbili sasa akipanda kilima kwenda shamba anasema gesi inambana chini ya chembe ya moyo, inapanda mpaka kwenye taya, anatoka jasho. Akikaa inaisha. Anatafuna magnesiamu. Dukani wamesema ni vidonda vya tumbo, ni dawa gani nzuri?

JIBU: Kaka, acha kusoma gazeti umpeleke hospitali leo. Gesi haijui kama unapanda kilima au umekaa. Kitu kinachokuja ukitumia nguvu na kuondoka ukipumzika, tena kwa mtu wa sukari, ni moyo mpaka ithibitike sio.

Shangazi yangu mwenyewe alikufa hivyo. Usiku mzima alikuwa anatafuna magnesiamu hizohizo, nakumbuka karatasi zake za rangi ya fedha zilikuwa zimejikunja juu ya stuli pembeni ya kitanda, nane au tisa, na sisi tukamchemshia tangawizi. Hakusema kifua kinauma hata mara moja. Alisema amechoka, mgongo unawaka katikati ya mabega, anasikia kutapika. Watu wanasubiri mtu ashike kifua aanguke kama kwenye sinema, na kweli maumivu ya kifua bado ndo yanaongoza hata kwa wanawake, ila wanawake wengi zaidi wanakuja na kukosa pumzi, kichefuchefu, taya, mgongo, uchovu usioeleweka, na wenye sukari wakati mwingine hawasikii maumivu kabisa.

Ukifika sema neno "moyo" dirishani, usiseme tumbo. Wamfanyie kipimo cha umeme wa moyo, ile karatasi ya mistari, na kikitoka kizuri bado wampime troponini kwenye damu, ile protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, maana mistari inaweza kutulia wakati amepumzika. Wakiona kuna mshipa umebana watakuandikia rufaa, siku hizi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanazibua kwa kupitisha mrija kwenye mkono au paja bila kupasua kifua. Na ikitokea imembana akiwa amekaa na haiachii kwa dakika kumi, atafune aspirini moja ya miligramu 300 kama haimdhuru na hana vidonda vinavyotoa damu, asitembee hata hatua, mtafutie gari.

SWALI: Mimi ni wa Tanga daktari, mafuta ya nazi si yameandikwa hayana kolestro? Kwanini mnatukataza?

JIBU: Hayana, na alizeti hayana, na hata mawese hayana, mmea wowote hauna kolestro kwahiyo hayo maandishi ni mapambo ya dumu. Shida ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale ya kuganda, yakifika kwenye ini ndo yanapandisha LDL. Sijakataza wali wa nazi mimi, nani atathubutu kuwaambia watu wa Tanga hivyo. Pika Jumapili, tui jepesi. Nilichokataza ni kukaangia maandazi ya kila asubuhi kwenye mafuta ya nazi halafu unanitumia karatasi ya maabara unaniuliza imepandaje.