Hiyo h-index unayoikimbiza, unajua inahesabu nini?

Promosheni zikikaribia simu yangu haipumui, malekchara vijana wote swali moja, dakta hii h-index naipandishaje? Mi huuliza kwanza, inahesabu nini? Kimyaa.

Yangu, hii namba ya kumpima mtafiti kwa makala zake zinavyonukuliwa na wenzake, ni 4. Nina makala 11 na nne kati ya hizo kila moja imenukuliwa mara nne au zaidi, basi ndo hiyo h-index yenyewe. Moja imenukuliwa mara 61, na hata zikifika 600 namba haitikisiki, kwa sababu inataka makala tano zenye nukuu tano tano. Jorge Hirsch aliyeibuni 2005 ni mwanafizikia, wenzake ni wengi dunia nzima na wananukuuana kila siku, mi nafanya utafiti wa mikoko ya Tudor, kule Mombasa, na tunaosomana humo karibu tunajuana kwa majina. Alafu ile ripoti nloandika kwa Kiswahili, mchu unashika wapi na mkoko wapi (hizo ni aina mbili za mikoko), akina mama wanaopanda miche wameitumia mpaka imechanika. Nukuu zake sufuri.

Kosa langu la ujanani sasa. Nliletewa imeili na jarida fulani linajigamba impact factor 6, nikalipa, siku nne makala ishapitishwa hata koma haikuguswa, na mi badala ya kushtuka nikafurahi! Kamati ya promosheni iliikata kwa kalamu nyekundu. Na hata ingekuwa ya kweli bana, impact factor ni ya jarida, wanachukua nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia wanagawanya kwa idadi ya makala, yako peke yake yaweza kuwa haijasomwa na mtu. Azimio la DORA, la namna ya kupima utafiti, lilotoka San Francisco 2012 lilishasema hiyo isitumike kumpima mtafiti.

Pia kagua profaili yako Google Scholar, ule mtandao unaoorodhesha makala zako na nukuu zake. Yangu iliwahi kubeba makala za daktari wa moyo kisa majina yafanana, wiki mbili nlikuwa staa.

Kwenye maombi ya promosheni namba weka, watakuuliza tu. Lakini chagua kazi tatu, kila moja nusu ukurasa, nani ameitumia na kimebadilika nini, na ushahidi uambatanishe. Mi barua ya wale akina mama nliiweka juu kabisa, na maswali karibu yote ya kamati yalitoka hapo.