Mtori hukuleta

Machame, Jumatatu usiku.

Mwanangu,

Jana uliniuliza kitu kwa simu, ukakata kabla sijajibu. "Mama, Mungu anataka kunifundisha nini?" Nilibaki nimeshika simu mpaka maziwa yakafurika jikoni. Leo nimepiga mara mbili hukupokea, wala sikulaumu. Kwa simu tunaishia kulia wote wawili. Basi nimechukua daftari la kikoba, nimeligeuza kurasa za nyuma, naandika. Mdogo wako ataipiga picha akurushie WhatsApp. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Nianze na jibu usije ukalitafuta huko chini. Sijui, na siamini kama kuna somo. Sitakuambia mtoto wa miezi minane alikufa tumboni ili wewe ujifunze jambo. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na mwalimu anayeua mtoto ili mama yake aelewe somo ningemtoa darasani mimi mwenyewe. Mungu niliyemtumikia simfahamu hivyo.

Hayo maneno najua umeyatoa wapi. Akina mama waliokuja kukuona walikuambia Mungu ana makusudi yake, mwingine akasema amechuma ua lake, mwingine akakupigapiga begani: bado kijana, utazaa mwingine. Usiwachukie. Nawajua vizuri kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Hili sijawahi kukusimulia.

Mwaka 2001 ulikuwa hujaanza shule. Jirani yetu wa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji, yule unayemwita mama mkubwa, alikwenda kujifungua akarudi mikono mitupu. Mtoto alizaliwa hana pumzi. Walimzika jioni nyuma ya migomba, watu wanne tu. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na daftari la rambirambi, hata kengele ya kanisa haikugongwa. Kesho yake nikaenda, nimevaa kitenge changu cha Umoja wa Wanawake, Biblia kwapani. Nikakaa, nikasoma, nikaomba sala ndefu, halafu nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Mungu amempenda zaidi." Akanitazama. Hakujibu. Nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa, mwanangu, nimeridhika kama mtu aliyemaliza kupalilia shamba.

Tangu siku hiyo hakuvuka tena mfongo. Chumvi alikwenda kuomba mbali. Kanisani alikaa upande wa pili. Nilisema ana kiburi, ana uchungu wa rohoni, aombewe. Ilichukua karibu miaka miwili nipate akili, na hata hiyo akili haikuwa yangu, ni bibi yako aliyenisema. Akaniuliza: "Huyo mama alizaa au hakuzaa?" Nikasema alizaa. "Nani alimpikia?"

Nikanyamaza. Wewe unajua kwetu mzazi anavyohudumiwa. Anakaa ndani, haguswi na kazi, sufuria ya mtori wa ndizi na nyama haishuki jikoni, kila mwanamke wa ukoo anapita na ndizi zake. Huyu alikuwa ametokwa na damu ileile, amechanika vilevile, na siku ya tatu maziwa yalimjaa kama mzazi yeyote, maana mwili haupelekewi taarifa ya msiba. Lakini kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kushika, tulimwona kama mtu aliyetoka safari. Wahenga wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nasi tukadhani mzazi ni yule mwenye mtoto mgongoni tu.

Nikakata isale, lile jani letu la kuombea msamaha, nikavuka. Nilimkuta anapura maharage. Nikampa lile jani kwa mikono miwili, nikasema nimekuja kuomba msamaha kwa maneno niliyosema siku ile. Isale haikataliwi, unajua. Akalipokea, akaliweka juu ya meza, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Ulisema mengi. Lakini mtori hukuleta."

Ndiyo hilo tu alilonilaumu. Hakutaka kubishana nami habari za Mungu.

Nimekuwa nikisoma Biblia tofauti tangu hapo. Mchukue Ayubu, kila mtu atakutajia Ayubu sasa hivi. Marafiki zake walifanya vizuri mara moja tu, sura ya pili, walipokaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe anawaambia hawakunena sawa kama Ayubu alivyonena. Ayubu, yule aliyekuwa amelaani siku ya kuzaliwa kwake! Na ukisoma mpaka mwisho, Mungu anazungumza sana, habari za mvua na mbuni na farasi, lakini sababu ya msiba hamwambii hata kidogo.

Kisha kuna mstari ambao wahubiri huuruka wakikimbilia zile baraka. Sura ya 42, mstari wa 11. Ndugu zake na watu wote waliomjua wakaja, wakala chakula pamoja naye nyumbani mwake, wakamlilia, kila mtu akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Ni rambirambi hiyo, mwanangu! Hapo hata habari ya watoto wengine haijasomwa. Na hesabu yake uitazame: kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000, lakini watoto walikuwa kumi wakazaliwa kumi. Kondoo wanarudishwa mara mbili. Mtoto harudishwi na mtoto. Kwa hiyo akikuambia mtu utazaa mwingine, na mimi nakuombea uzae ukitaka, huyo mwingine atakuwa yeye. Huyu wa sasa ni wa kwako pia, na kama mmempa jina nitaomba mniambie.

Na Raheli je? Mathayo, akisimulia Herode alivyoua watoto wa Bethlehemu, anamtaja Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako. Hakuna malaika aliyeshuka kumwambia nyamaza. Imeandikwa hivyo tu, ikaachwa. Ukiwa hutaki kufarijiwa wiki hii, upo ndani ya Injili, hukutoka nje.

Sasa habari ya yule mtumishi anayesema tatizo ni imani yako, ukafuate mafuta. Nisikilize vizuri hapa. Unakumbuka Moshi, uwanja wa Majengo, Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020. Watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, wakakanyagana wenyewe kwa wenyewe, 20 wakafa. Mjini watu waliwacheka marehemu, nami nilikasirika. Mtu hakimbii hivyo kwa upumbavu, anakimbia kwa sababu ana mtoto mgonjwa, ana tumbo lisiloshika mimba, ana mume asiyerudi, na amechoka kuambiwa maneno. Siwacheki hata leo. Lakini nawe usikimbie. Kuna mafuta mengine katika Luka sura ya 10. Yule Msamaria hakumwita majeruhi aje mbele. Alimkaribia, akamfunga jeraha zake akizitia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili nyumba ya wageni. Wala hakumuuliza kwa nini alisafiri peke yake njia mbaya kama ile. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mwaka 1971 iliwekwa chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na mimi kila nikiingia lile geti huwa nafikiri habari ya yule mnyama. Alitembea kwa miguu, yule Msamaria, ili mwingine apande.

Pale ndipo baba yako alipolazwa 2013 alipopata kiharusi. Ulikuwa kidato cha tatu, bwenini, mengi hukuyaona. Nilikuwa nashinda hospitali, ng'ombe wawili nyumbani wanalia njaa. Siku ya nne narudi jioni, nakuta horini majani mabichi mpaka juu. Kesho yake tena. Siku iliyofuata nikamkuta njiani, mama yako mkubwa, mzigo kichwani, ametoka kuyakata kule chini tambarare. Akautua, akasema: "Sina neno. Nimeleta majani." Alifanya hivyo miezi minne. Umri wake unaujua.

Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tupate kuwafariji wengine kwa faraja hizo. Nilikuwa naufahamu mstari huo kwa kichwa. Siku ile niliuona unatembea na mzigo wa majani. Lakini sitasema mtoto wake alikufa ili ng'ombe wangu wale. Nikisema hivyo nimerudi kulekule kwenye kitenge na Biblia kwapani. Nilichokiona ni kwamba alikuwa anajua mlango wa nyuma wa huzuni, njia ya kuingia bila kumgonga mwenye nyumba. Aliijua kwa kuwa alikaa humo peke yake, sisi tukiwa ng'ambo tunamwombea aache kiburi. Labda nawe utaijua siku moja. Si sasa. Usiharakishe kuwa msaada kwa mtu yeyote, na wakikuomba kutoa ushuhuda kanisani kataa.

Mambo madogo. Maziwa yakikubana, usiyakamue yote, yatazidi kuja. Toa kidogo tu upate nafuu, weka kitambaa cha baridi, vaa sidiria inayokushika vizuri. Ukiona joto linapanda au ziwa limekuwa jekundu na gumu, nenda kwa muuguzi siku hiyohiyo, usingoje. Damu ikizidi, hivyohivyo.

Na mkwe wangu. Siku zote 11 hizi nimesikia watu wakimuuliza "mkeo anaendeleaje", na wengine wakimwambia ajikaze. Aliyebeba lile sanduku dogo ni yeye. Mruhusu alie hata kama analia vibaya, wanaume hawajazoea. Yesu mwenyewe alilia akienda kaburini kwa Lazaro, tena akijua dakika chache baadaye atamfufua, kwa hiyo machozi hayakuwa upungufu wa imani. Mwambie hivyo ukiweza, au usimwambie, kaa naye tu.

Nimekata tiketi ya Alhamisi. Basi linatoka Moshi alfajiri, jioni nitakuwa Dodoma. Nimemwambia mama yako mkubwa, akaenda mwenyewe shambani kwake kukata mshare, ndizi za mtori, mkungu mzima, na amekataa nisimlipe. Amesema nikuambie salamu, hakuongeza kitu. Mwambie mkwe anunue nyama yenye mifupa, kilo mbili, na vitunguu. Ndizi usimruhusu anunue huko, za sokoni zimelala.

Nitakaa mpaka utakaponifukuza. Sufuria kubwa unayo? Kama huna, nijulishe mapema, nibebe la kwangu.

Mama yako